Mkeka Wako Uliochanika

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Hapa Tabora tu wazima. Mjomba wako karudi na asali ya Ipole, chupa yako nimekuwekea.

Ulipoandika kwamba mkeka wako umechanika, nilidhani ni ule niliokusukia, nikaanza kukusukia mwingine. Jana shangazi yako kanieleza kuwa mkeka ni karatasi ya kubeti: ulichagua farasi sita wa kwenye televisheni, na ilikuwa sharti washinde wote. Niliuweka ukindu chini. Ada ya chuo, Hamisi, kwa farasi?

Unaniuliza kwa nini watano walioshinda nao wamekwenda bure. Hata mimi sielewi. Nilipokuwa msichana kule Ntalikwa nilisuka mkeka wa Idi kwa haraka, na ukili mmoja, utepe mmoja tu kati ya zile zinazoshonwa pamoja, niliusuka kwa ukindu mbichi. Ukafumuka wageni wakiwa wameukalia. Mama alifumua ukili ule mmoja tu, akashonea mwingine, tukaulalia miaka mingi.

Huo wako unashonwa wapi?

Nusu ya mkeka niliokuanzia iko hapa miguuni pangu. Sijui niumalize au niufumue.

Bibi yako,
Mwajuma