Jicho Langu Linaloongoza

Tudor, Mombasa
Jumatatu jioni

Kwa kaka yangu mpendwa Nicodemus,

Nakusalimu kwa heshima, kaka, na baada yako namsalimu wifi Kasyoka na mama yetu. Goti la mama linaendeleaje na baridi ya huko Emali? Mwambie yale mafuta ya karafuu niliyompa dereva wa basi ni ya kupaka, si ya kunywa, maana namjua. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Sammy yuko bado bandarini, wiki hii anaingia zamu ya mchana. Mirriam ameongezeka, viatu ulivyomletea Krismasi vimemkataa, na sasa anaimba wimbo wa shule mpaka mwisho, ingawa pale katikati anabuni maneno yake mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu ungeniambia "tulia, Mwende" kabla sijafika popote, nami ningetulia kama kawaida yangu. Karatasi huwezi kuikatiza. Kwa hivyo keti, usome mpaka chini, halafu ndiyo useme. Nimekasirika, kaka. Nakuambia mapema ili usidhani ni mwandiko tu umeharibika.

Wewe ndiye uliyenipeleka dukani kwa Bwana Khubaib, pale Ndia Kuu, ulipokuwa bado unafanya kazi reli. Ulimwambia dada yangu ana macho makali, na kweli akanipa kazi ya macho. Lakini hujawahi kuniuliza kazi yenyewe hufanywaje. Watu huleta sarafu za zamani: hela za Mjerumani, zile zenye tundu za wakati wa Mwingereza, pesa za Zanzibar zenye picha ya mizani. Mimi huziangalia kwa lenzi, kile kioo kidogo cha kukuzia kinachoshikwa karibu kabisa na jicho, nikatenga za kweli na za bandia. Ya kweli ilipigwa muhuri. Ya bandia mtu ameyeyusha madini akayamimina kwenye kalibu, na mara nyingi huacha mshono mwembamba ukingoni na vitundu usoni, kama chapati iliyopikwa kwa haraka.

Sasa sikia kanuni ya duka. Lenzi ni ya jicho la kulia. Marehemu baba yake Bwana Khubaib alikagua sarafu maisha yake yote kwa jicho la kulia, kwenye meza ileile, dirisha likiwa upande wa kulia, na mwanawe hataki kusikia jingine. Siku ya kwanza niliipeleka lenzi kwenye jicho la kushoto bila hata kufikiria. Akanishika kiwiko akasema kushoto si kwa mambo ya heri. Na ni kweli kwamba ukitumia la kushoto pale, pua yako na mkono wako vinaziba mwanga, sarafu inabaki kivulini. Basi nikawa nalifumba la kushoto kwa nguvu mpaka shavu linapanda, naangalia kwa la kulia, na picha inachezacheza. Jioni narudi kichwa kinanigonga, namfokea mtoto bure, kisha namkumbatia na kumwomba radhi. Nilidhani ni uchovu.

Mwezi uliopita Mirriam aliamka jicho limegandana kwa tongo. Nikampeleka zahanati hapa Tudor, tukaonwa na muuguzi wa macho anayeitwa Zilpah, dada mcheshi. Ili mtoto asiogope alimfundisha mchezo: nyoosha mikono, kutanisha viganja kibaki kitundu kidogo katikati, umtazame Zilpah kupitia hapo macho yote yakiwa wazi, halafu ufumbe moja. Mirriam alicheka sana kwa sababu Zilpah alipotea. Nikajaribu nami. Nilipofumba la kulia nilimwona bado. Nilipofumba la kushoto akatoweka, nikaona ukuta. Akaniambia jicho langu linaloongoza ni la kushoto. Alisema kila mtu huwa na jicho analoliegemea zaidi, kama vile mkono, na si ugonjwa. La kulia alilipima, likasoma herufi za ukutani vizuri tu. Ila mtu akitazama kwa lenzi, afadhali atumie lile linaloongoza, na lingine aliache wazi lipumzike, asilifinye. Kaka, machozi yalinilenga palepale. Kumbe siku zote hizo sikuwa mzembe.

Nikamwomba Bwana Khubaib jambo moja: tuigeuze meza, mwanga unijie kutoka kushoto. Ni meza ya watu wawili kubeba. Alicheka mpaka akamwita muuza kahawa aje asikie. Akauliza kama siku hizi macho nayo yanafanya uchaguzi, na kama la kulia litaenda mahakamani kupinga matokeo. Wakacheka wote. Nami nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama yake, Bi Maisara, ambaye huketi nyuma ya duka akishona kofia, alimwambia dini haijakataza jicho la mtu, na marehemu alikaa vile kwa ajili ya dirisha tu. Bwana Khubaib akasema meza ya baba haisogei.

Ndipo akaja mwanamume mmoja na riali ya fedha ya Zanzibar, ile ambayo kila mwenye duka anaiota. Bwana Khubaib alinisimamia nyuma ya shingo. Niliangalia kwa la kulia, ukingo ukawa unaingia na kutoka kama kitu kilicho ndani ya maji. Nikasema sina hakika, naomba niende nayo mlangoni niitazame kwa la kushoto. Akasema mteja ana haraka na nisimwaibishe mbele ya watu. Nikaangalia tena kwa la kulia, nikasema mshono sijauona. Hayo ndiyo maneno yangu. Sijauona. Sikusema haupo.

Akainunua. Alhamisi iliyopita mnunuzi wake wa Nairobi akairudisha, kwamba ni ya kumimina. Unadhani Bwana Khubaib alisema amekosea? Alisema aliyonunua ilikuwa ya kweli, mimi nimeibadilisha. Alisema hivyo mlangoni, mchana kweupe, watu wakipita. Niliichukua ile riali mkononi mwake, nikasogea kwenye mwanga, nikaitazama kwa jicho langu. Mshono ulikuwa pale, umezunguka kama uzi. Na mkwaruzo karibu na ukingo ni uleule niliouona siku ilipoletwa. Ilikuwa sarafu ileile, kaka. Nikamwonyesha. Akasema eti mimi sasa ndiyo naona, baada ya kuiba.

Bi Maisara aliweka kofia chini. Alisema, "Khubaib, mtoto alikuomba atumie jicho lake, nami nasikia. Ni wewe uliyemkataza." Bwana Khubaib aliinamisha uso, akawa anaigeuzageuza ile riali kwa kidole. Nilimwona. Alikuwa anarudi polepole kwenye ukweli, angefika. Halafu akakumbuka kwamba wewe ndiye uliyenidhamini, akatoa simu akakupigia.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Wewe hukujua kwamba simu alikuwa ameiweka sauti ya juu, ipo juu ya kaunta katikati yetu sote. Nilikusikia mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Alikuambia nimebadilisha riali yake. Nikasema moyoni, sasa Nicodemus atauliza Mwende mwenyewe anasemaje. Ukasema, "Nisamehee huyo mtoto, Bwana Khubaib. Ni tamaa tu ilimpitia. Nitaongea naye airudishe."

Mirriam nilikuwa naye siku hiyo. Aliitambua sauti, akanivuta sketi akaniambia, mama, mjomba huyo.

Bi Maisara aliokota kofia yake akaendelea kushona. Angesema nini tena? Ndugu wa damu amekwisha kukiri. Neno lake lilikuwa limebakisha kidogo tu kunitoa, lako likanirudisha ndani na kufunga mlango. Na tangu siku hiyo hujanipigia hata kuniuliza hiyo riali nimeiweka wapi, kama kweli unaamini ninayo.

Bwana Khubaib akasema kwa heshima yako amenisamehe, nirudi kazini, ila niwe nakagua yeye akiwepo. Jumapili Sammy alitupeleka ufukweni Mama Ngina tukale mihogo, akaniambia taratibu kwamba msamaha ni msamaha, niuchukue tu, mtoto anakula. Sammy ni mtu mwema, lakini nilimwachia mihogo yake pale nikatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Leo asubuhi nimekwenda dukani, nikaiweka lenzi juu ya meza, nikamwambia siwezi kusamehewa kitu ambacho sikufanya. Basi ndiyo hivyo, kaka, sina kazi. Nimeiacha mwenyewe, na usimwambie mama kabla sijamwambia mimi.

Sijakata tamaa. Kuna fundi wa saa mitaa ya sokoni, Charo, anatafuta mtu wa kumsaidia kukagua vyuma vidogovidogo kwa lenzi. Nilipomweleza habari ya jicho hakucheka, alijaribu ule mchezo wa viganja yeye mwenyewe, na kiti akaniambia nikiweke ninapotaka. Ila akasema lazima kwanza amuulize Bwana Khubaib mimi ni mtu wa namna gani. Unajua atakachoambiwa. Ataambiwa maneno yako.

Najua ulitaka kunisaidia. Ulidhani ukiomba msamaha upesi mambo yatazimika, kama ulivyokuwa ukifanya kwa baba alipokuwa amelewa, unaomba msamaha kwa makosa yetu sote, yaliyokuwepo na yasiyokuwepo, ili tusipigwe. Nakushukuru kwa yale. Lakini mimi sasa ni mama wa mtu, na jina langu ndilo analoitwa nalo mtoto wangu huku mtaani, Mirriam wa Mwende. Hukuwa na ruhusa ya kulitoa.

Kwa hivyo sikuombi pole yako. Panda basi Jumamosi hii. Uende Ndia Kuu, usimame pale kaunta, Bi Maisara akiwepo, muuza kahawa akiwepo, useme kwamba hukuniuliza na hukujua ulichokuwa unasema. Usipige simu. Kwa simu umeshasema ya kutosha.

Nipigie magoti mbele ya mama, umwambie nampenda na ninamwombea. Wifi Kasyoka mwambie kitenge chake kiko tayari, atakichukua mkononi mwako ukirudi. Mungu akulinde njiani.

Mirriam nimemwambia mjomba anakuja Jumamosi. Usinifanye mwongo na kwake pia.

Ni mimi dada yako, niliyekasirika na ninayekungoja,
Mwende