Pima Kwako, Dada

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa kitu cha kutosha kwa hiyo baridi unayoilalamikia kila mwaka kana kwamba imeanza jana. Huku tunaendelea. Mama hajambo. Magoti yanamkorofisha asubuhi, ila mdomo uko salama kabisa, na anakusalimu kwa maneno ambayo nusu yake siwezi kuyaandika. Karakana ipo, cherehani zote zinafanya kazi, na msaidizi wangu, Bibi Vifungo, bado anashona vifungo na bado anacheka mpaka wapita njia wanachungulia.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu unaujibu kwa picha ya kidole gumba. Nilikuuliza unaendeleaje, ukaniletea kidole gumba. Nikakueleza Mama alivyoteleza bafuni, kidole gumba. Barua huwezi kuijibu hivyo, labda ukikate chako ukitie kwenye bahasha.

Nianze na saa uliyonitumia. Asante. Naitanguliza asante kwa sababu yanayofuata yana lawama. Mtu akimtumia dada yake saa ya kumhesabia jasho, dada lazima ajiulize ameonekanaje kwenye picha. Nilisimama mbele ya kioo cha wateja nikajigeuza huku na huku. Mwisho nikaenda kliniki nikapimwa: kilo sitini na nane. Daktari akasema kwa urefu wangu na umri wangu niko vizuri, nisipungue wala nisiongezeke, nikae hapo hapo. Mama aliposikia akasema daktari huyo kalelewa vizuri, na akauliza ni saa ya namna gani hiyo inayomdai mtu kazi badala ya kumwambia ni saa ngapi.

Lakini kikadi chako kilisema, "Dada, jitunze. Kila ukifikia lengo nitaona." Neno hilo la mwisho ndilo nililolivaa mkononi.

Lengo lenyewe lilikuwa kalori mia tano kwa siku. Siku ya kwanza, usinicheke, nilidhani hiyo mia tano ndiyo ruhusa yangu ya kula. Nikanywa chai, nikala yai na ndizi, nikafunga mdomo. Kufika alasiri nikawa naona cherehani mbili pale penye moja, na Bibi Vifungo akaniletea wali sahani nzima akasema, bosi, kula, mteja amekuja kuchukua suruali, hakuja kuzika mtu.

Nikakaa nikaipigia hesabu. Unajua mimi kitu kisiponiingia kichwani sikiachi. Nikagundua kwamba mwili una kodi yake kama lilivyo hili pango la karakana: ushone usishone, unalipa. Kwa mwili wangu, saa ilikadiria kodi hiyo kalori elfu moja na mia nne, hata nikilala kutwa. Ile mia tano ni ya kujishughulisha tu, inakuja juu yake. Kwa hiyo mtu anayetaka kubaki na uzito wake hali hiyo mia tano tu, anakula jumla ya vyote viwili. Basi nikajumlisha. Siku ya kazi saa ilinipa mia tatu na hamsini za kujishughulisha, jumla elfu moja mia saba na hamsini. Nami nilikuwa nakula kama elfu mbili, nimepima kila kijiko, na mizani haikusogea wiki baada ya wiki. Sasa hizo mia mbili na hamsini zinakwenda wapi?

Zinakwenda mguuni, mdogo wangu. Saa iko mkononi, na mkono wa mshonaji umetulia juu ya kitambaa. Kazi yote iko chini, kwenye ile cherehani yangu ya kukanyaga ambayo sikubali kuiuza. Saa inaona mtu aliyekaa. Nikaifunga kwenye kifundo cha mguu nijaribu, nikashona sketi mbili za shule, ikanipongeza kwa kukimbia mbio ndefu. Bibi Vifungo alicheka mpaka akameza uzi. Tangu hapo nikajua kwamba saa inakisia tu, na wa kumsikiliza ni mizani: uzito ukisimama, kinachoingia ni sawa na kinachotoka, hata saa ikinung'unika vipi.

Kwa hesabu, basi, mambo yalikuwa yamekwisha. Ningekula elfu mbili zangu, nikabaki sitini na nane kama alivyosema daktari, na saa ningeiacha na lengo lake.

Shida ni makofi. Siku moja nilizunguka mjini kutafuta zipu, nikarudi nimechoka, na nilipovuka mlango tu saa ikatetemeka. Nikatazama: viganja viwili vidogo vya manjano, vinapiga makofi. Nikasimama pale na mfuko wa zipu. Nikajua umeniona. Uko kazini huko, una watu wa kukungoja na milango ya vioo, na bado umetoa dakika kumpigia dada yako makofi. Nilikaa nikalia kidogo, na Mama akauliza nani kafa.

Kesho yake nilishona kutwa. Saa ikaishia mia tatu na arobaini, na makofi hayakuja. Nikafunga karakana, nikaanza kuizunguka meza ya kukatia vitambaa. Nilizunguka mpaka mia tano ikatimia, na viganja vikaja. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Halafu saa ikapandisha lengo yenyewe, mia tano na hamsini, mia sita, kama tajiri asiyejua kusema inatosha, nami nikaongeza mizunguko. Mama alikuwa akinisubiri tule pamoja, akachoka kusubiri, akawa anakula mwenyewe na kulala. Nikirudi nakuta sahani imefunikwa, nakula vijiko viwili, naifunika tena. Usidhani hesabu ilinipotea. Nilijua kwamba ukiongeza kutembea bila kuongeza chakula utapungua, na nilijua hata ni kiasi gani ningepaswa kuongeza. Nilijua, ila kula peke yangu kulinishinda. Sitini na saba. Sitini na sita. Hatimaye sitini na nne.

Hapo ndipo ulipotuma ujumbe wako pekee wa maneno mwaka huu, kwamba umepandishwa cheo, kutakuwa na sherehe, unataka gauni la bluu iliyokolea, mikono mirefu. Ukamalizia kama kawaida yako: "Pima kwako, dada."

Unakumbuka yalivyoanza? Mama alikuwa anakata kitambaa kimoja kwa kipimo kimoja, magauni mawili, na hakuna aliyejua lipi la nani mpaka mmoja alimwagie lake chai. Ulipoondoka ukawa unaniagiza nguo bila kutuma kipimo, nami nikawa najipima mwenyewe, nashona, natuma, unajibu limekukaa kama ngozi. Nimefanya hivyo miaka yote hii. Wateja wengine wana vipimo vyao kwenye kadi. Wewe kadi yako nilikuwa mimi. Nikijivika nguo yako mbele ya kioo nilikuwa naona kama umeingia dukani. Ndiyo maana daktari aliponiambia nikae hapo hapo, nilimwelewa kwa namna yangu.

Basi nikakata gauni la bluu kwa kipimo changu, nikalivaa, na Bibi Vifungo akanishikia pini. Siku hiyo hakucheka. Akazunguka, akavuta kitambaa kiunoni, akauliza hili gauni la nani. Nikamwambia unajua vizuri ni la nani. Akauliza, "Kwani na huko aliko naye amekonda?"

Nikamkaripia, nikamwambia ashike vifungo vyake. Lakini swali lilibaki limesimama katikati ya chumba. Nilifungua picha zako zote kwenye simu. Katika hii umekaa nyuma ya meza. Katika ile umesimama nyuma ya watu. Nyingine ni uso tu. Sikuweza kujua kama umenenepa au umepungua, mdogo wangu, na mimi ni fundi. Nikajiambia si kitu, angalau tunaonana kila jioni kwenye saa.

Sasa nakuja kwa jambo lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita alikuja nesi wa ile kliniki kushonewa sare. Nilikuwa nimemzungushia futi kifuani, saa yake ikatetemeka, na juu yake vikaja viganja viwili vya manjano, vinapiga makofi, vile vile. Nikamuuliza, kwa furaha kabisa, nani huyo aliyempigia. Akasema hakuna mtu, ni saa yenyewe. "Hii inampigia makofi kila mtu, fundi, hata ukipanda ngazi kwenda chooni." Nikamwambia labda yake, yangu imeunganishwa na mdogo wangu aliye mbali. Akaomba simu yangu aone. Akabonyeza huku na huku, akanionyesha jina lako, na chini yake maneno niliyokuwa nayaona kila siku bila kuyatilia maanani: ombi linasubiri kukubaliwa. Ili uone chochote, alisema, ilikupasa ulikubali kwanza. Linasubiri tangu siku niliyofungua boksi.

Nikamaliza kumpima. Nilimpima vibaya, ikabidi arudi kesho yake.

Sikuwa natunza afya, mdogo wangu. Kila jioni nilikuwa nakuja kukutembelea. Nimeacha kilo nne pembeni mwa meza ya kukatia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa anatazama, na sitaki kukulaumu kupita kiasi, kwa sababu hukuahidi makofi. Uliahidi kuona tu, halafu kazi zikakusonga, ukasahau. Naelewa. Ningekuwa na cheo nami ningesahau mengi. Lakini nilikupeleka wewe shule nikabaki na cherehani, sikudai kitu, na leo nadai kimoja.

Saa nimeivua. Nakula na Mama sasa, sahani moja, ananisogezea minofu kama mtoto. Mizani inapanda polepole, na ikifika sitini na nane nitaisimamisha hapo, kwa sababu hapo ndipo penye afya yangu mimi. Kwa ajili ya kipimo chako sitausimamisha uzito wangu tena. Sikujui kiuno, sikujui mabega, na sitajifanya ninajua. Hata yale majibu yako, kwamba limekukaa kama ngozi, sina hakika nayo tena. Huenda kuna fundi huko anayenisahihishia kazi yangu kila mara, na wewe kwa huruma hukuniambia. Kama yupo, niambie tu, sitagomba. Au nitagomba kidogo.

Gauni la bluu limekamilika shingo, mikono, na pindo. Mbavuni nimepiga bandi tu, ule uzi mwepesi wa kushikiza unaofumuka kwa kidole, na pande zote mbili nimeacha nafasi ya kutosha. Njoo upimwe hapa. Kama huwezi kuja, sema wazi, nitalibana kwa mwili wangu nilivae mwenyewe siku nikiwa na pa kwenda. Ila usinitumie namba za kipimo kwa simu. Sizitaki. Nataka usimame hapa, uinue mikono, ulalamike kwamba futi ni ya baridi, na uniambie panapobana.

Mama anakusalimu tena, safari hii kwa adabu, maana nimemwambia naiandika. Bibi Vifungo anakusalimu na anauliza kama unaweza kumletea sindano nzuri. Wasalimie wenzako kazini, hata wasionijua. Nami nakusalimu kwa moyo wote, mdogo wangu, na mlango wa karakana ni ule ule.

Ni mimi dada yako,
Fundi