Mamba Mwenye Sauti ya Baba

Mshauri wangu, shikamoo. Mimi ni fundi wa miwani mwenye duka langu, nina miaka thelathini na sita, mume na mtoto mmoja, na jambo ninalokuletea utaliona la kitoto, lakini nivumilie maana limekula karibu maisha yangu yote.

Nilipokuwa na miaka sita tulijazana watoto kwa jirani kutazama katuni ya vifaranga vya bata, na humo mlikuwa na mamba aliyewaita kwa upole kabisa, "Njooni wanangu, msiogope," na mmoja alipokwenda akamezwa, na ile sauti, mshauri, ilikuwa ya baba yangu. Sisemi ilifanana, ilikuwa yake hasa, kwa sababu baba alikuwa mtangazaji wa redio na ndiye aliyemsemea mamba yule kwa Kiswahili, ila mimi hakuna aliyeniambia, na jioni alipotoka kazini akapanua mikono mlangoni akasema, "Njoo mwanangu," nikakimbilia chini ya kitanda nikajikojolea.

Tangu hapo sikumkalia mapajani tena. Nilipokua nikajua ilikuwa kazi tu, akili ikaelewa lakini mwili ukakataa, akianza kuongea natoka nje, basi nikaomba kuhamia kwa shangazi kwa kisingizio cha ukaribu wa shule, na siku ya harusi yangu nikampa baba mdogo nafasi ya kutoa neno, baba nikamwambia ratiba imejaa. Hakulalamika. Alikaa meza ya mbele akapiga makofi.

Mwezi uliopita alitolewa kivimbe kooni, daktari akamkataza kuongea wiki mbili, akawa anaandika kwenye daftari. Nilipokwenda kumwona wodini nikajikuta nimekaa naye saa nzima bila kutaka kukimbia. Akaandika, akanisogezea daftari: "Nilikukosea nini?"

Nikamweleza habari yote ya mamba. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha machozi yakamtoka, akaandika, "Nilidhani niliwahi kukuumiza nikasahau. Mama yako naye alidhani hivyo." Tulishikana mikono mpaka muuguzi akaja kuniambia muda umekwisha.

Majibu ya kivimbe yametoka, si kitu kibaya. Sasa anaongea, sauti inakwaruza kidogo, ananipigia simu kila siku nami namsikiliza mpaka mwisho, najisikia mwepesi mpaka naona aibu. Ila la harusi sijamwambia ukweli, naye hajauliza. Nimwambie, au nitaitia doa furaha aliyoipata uzeeni?

Fundi Miwani

*

Fundi Miwani, marahaba, na pole kwa miaka yote hiyo.

Mtoto wa miaka sita simlaumu hata kidogo. Aliogopa, na aliogopa kweli. Lakini yule bibi harusi mwenye akili zake, mdomo wake na simu yake, huyo nina neno naye. Ulimnyima mzazi heshima yake mbele za watu ukamfunika na uongo mwepesi. Ulikosea.

Unauliza kama umwambie. Mwanangu, huyo mzee ameshika ratiba za redio maisha yake yote, unadhani hajui tofauti ya ratiba iliyojaa na ratiba aliyofungiwa? Alijua siku ile ile. Kwa hiyo huendi kumpa habari, unakwenda kumwomba radhi. Sema, "Baba, siku ya harusi nilikudanganya, ilikuwa ile hofu, nisamehe." Kisha nyamaza. Usilie kwa kwikwi mpaka yeye aanze kukubembeleza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo.

Huo wepesi usiuonee aibu, ni wako na umechelewa kukufikia.

Lakini kuna mtu umempita kwenye barua yako kama vile hayupo. Mama yako amelala kitanda kimoja na mumewe miaka thelathini akijiuliza alimfanya nini mtoto wao. Wewe umeshatua mzigo, baba ameshatua, yeye amebaki nao, na maneno ya mume hayatamtosha katika jambo hili. Anahitaji kuyasikia kutoka kwako.

Jumamosi funga duka mapema. Mtoto mwachie baba yake. Nenda kwa wazazi wako, mwombe mama mkae chumbani wawili tu, umweleze tangu mwanzo. Ukimaliza naye, ndipo utoke sebuleni ukaongee na baba.