Waliponipigia Simu Kuulizia Kazi Yako

Nyumbani,
Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu kwanza, habari baadaye. Hivyo nililelewa na hivyo nilikulea. U hali gani? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Je, siku hizi unakula umeketi, au bado unakula umesimama, sahani mkono mmoja na simu mkono wa pili? Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo nalo limeomba kustaafu. Mama yako ni mzima pia. Anakohoa kila asubuhi, anakana kwamba amekohoa, kisha siku inaendelea.

Ujumbe wako wa kuniomba niwe mdhamini katika maombi yako ya kazi niliupata. Ulikuwa mfupi kama risiti. Nilikujibu kwamba naridhia, nikadhani mengine utayamaliza na mama yako, kama inavyompasa mtoto mwenye adabu. Kumbe hukumwambia kitu.

Basi Jumatano wakanipigia. Tulikuwa sebuleni, mimi kwenye kile kiti kilichong'oka mkono, mama yako anakunja nguo zilizotoka kambani. Kwa ajili ya sikio langu, simu zote naziweka kwenye spika siku hizi. Kwa hiyo aliyasikia yote, tena tangu mwanzo: kwamba umeomba nafasi ya meneja mkuu wa fedha, kwamba kazi yenyewe iko mbali kuliko hapo ulipo, na kwamba mkataba ni wa miaka mitano. Shati alilokuwa akilikunja lilibaki hewani, mikono miwili ya shati katika mikono yake miwili, kama mtu anayemzuia mwenzake asiondoke.

Aliyepiga ni mwanamke wa idara ya ajira, mwenye sauti laini na maswali magumu. Kabla hajauliza lolote nilimjulisha kwamba mimi ni mjomba wako, tumbo moja na mama yako, na kwamba kama undugu huo unautia ushahidi wangu doa, akate simu aulize wengine, sitanuna. Akacheka. Alisema umeliandika hilo mwenyewe katika maombi yako, mstari wa kwanza chini ya jina langu. Nilijua ungeliandika. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuambiwa na mgeni ni kitu kingine. Niliketi vizuri zaidi.

Akataka historia yako. Nilimpa bila kutia chumvi: madarasa ya jioni, cheti cha uhasibu, stashahada, halafu mitihani ya bodi, ambamo somo la kodi lilikuangusha mara ya kwanza. Hapo mama yako alinikonyeza nilifiche. Sikulificha. Niliongeza tu kwamba aliyeanguka kodi akainuka nayo anaijua kuliko aliyeivuka kwa bahati. Kisha miaka yako chini yangu pale kiwanda cha magodoro, ulikoanza ukarani wa stoo ukaondoka msimamizi wa makarani. Kisha kampuni ya malori. Kisha huko uliko, unakosimamia fedha za hospitali.

Akauliza unafanyaje kazi. Nikamtajia jina walilokupa kiwandani, Bi Ngoja Nikaone, na kwa kuwa jina bila kisa ni kelele tu, nikamsimulia ule msimu wa mvua kubwa.

Unakumbuka. Karatasi zilisema magodoro yapo, mtunza stoo alisema yapo, na kalamu yangu ilikwisha kufunguliwa nitie saini. Ukasema ngoja ukaone. Ulipotea nusu ya asubuhi, ukarudi na chembe za sponji kwenye nyusi, ukasimama mbele ya meza yangu ukaniambia, "Yapo, bosi, lakini hayalaliki." Yalikuwa yamelowa hadi kiini, yananuka kama mbwa aliyenyeshewa. Kazini uliniita bosi, nyumbani mjomba, na hukuwahi kuyachanganya hata siku moja. Hilo nalo nilimwambia.

Lakini kuona si sifa kubwa. Hata paka anaona. Nilitaka ajue kilichofuata. Meneja wa kiwanda alitaka mtunza stoo afukuzwe siku ile ile. Wewe, karani ambaye kiti chake hakijapata joto, ukasema mbele ya watu kwamba paa lile linavuja tangu msimu uliotangulia na kwamba mtunza stoo amekwisha kulilalamikia hadi akachoka. Taarifa yako ilianza na paa, ikafuata hasara, na jina la mtu halikuwemo. Meneja akauliza mbona hakuna jina. Ukamjibu kwamba paa halina jina. Wiki iliyofuata mafundi walikuwa juu wakigonga mabati, na mtunza stoo yule alistaafu kwa heshima, akaondoka na godoro kavu.

Nilisikia kalamu ya yule mwanamke ikiandika. Kisha akauliza unavyokaa na walio chini yako. Nikamweleza kwamba kwako karani aliyeziandaa hesabu ndiye anayezisoma mbele ya wakubwa, nawe umeketi pembeni, na kwamba akikwama humdokezei hadi akugeukie mwenyewe. Humkosoi mtu mbele ya wenzake. Unamwita mkatembee hadi getini na kurudi, na akirudi uso wake haujabadilika. Nikamweleza pia kuhusu mfanyabiashara aliyekuletea kapu la zawadi, ulipokuwa kampuni ya malori, siku mbili kabla ya zabuni ya matairi, na jinsi ulivyolirudisha na shukrani. Dereva uliyemtuma kulirudisha nilikutana naye juzi kwa kinyozi. Hadi leo analisikitikia lile kopo la biskuti lililokuwa kapuni. Anasema alilipakata njia nzima, na halikuwa na kosa lolote.

Akauliza udhaifu wako. Mama yako akasogeza kiti. Nikasema hujui kuondoka ofisini kazi ikiwa haijaisha, na kazi ya fedha haina kuisha. Na kwamba huombi msaada hadi uugue. Kama imekuudhi, samahani, lakini aliniuliza.

Swali la mwisho ndilo lililonifanya nikae kuandika barua hii. Aliuliza kama nalijua jambo lolote la kifamilia litakalokuzuia kukaa huko miaka yote mitano.

Nguo zilikuwa zimekwisha kuwekwa chini zote. Mama yako alininong'oneza, kwa mnong'ono wake ule unaosikika mtaa wa pili, "Kaka, mwambie nina presha."

Na ni kweli anayo, kidogo, kama wengi wa umri wetu. Sikuombwa nidanganye, mpwa wangu. Niliombwa niuweke ukweli mahali pasipo pake. Nilimtazama dada yangu, ambaye hajapata kuniomba kitu tangu tulipomzika mama yetu, nikamjibu yule mwanamke kwamba hilo ni lako na akuulize mwenyewe. Akashukuru, akakata.

Mama yako aliliokota lile shati, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ungesema neno moja tu, mtoto angerudi," akasema.

Nikamuuliza ni neno lipi.

"Kwamba ana mama."

Nikamwambia unalijua hilo. Akasema basi ungekumbushwa. Akachukua nguo zake akaenda chumbani, na siku hiyo chai yangu niliipika mwenyewe, ilikuwa mbaya.

Kesho yake asubuhi alikuja na vikombe viwili, akaketi, akaniambia nirudie ile habari ya magodoro. Nikairudia. Akataka na ya kapu. Akaniuliza kwa nini hujamwambia mambo haya miaka yote. Yeye alidhani kazi yako ni kuhesabu hela za watu kwa mashine hadi macho yaume, na ndiyo maana alikuwa akikuhimiza ule karoti. Kufika adhuhuri alikuwa amekwisha kumsimulia jirani yetu fundi cherehani, na kwa fundi cherehani magodoro yameongezeka, na meneja amepiga magoti akilia. Nimemsahihisha. Hakunisikiliza.

Jioni akasema neno lililoniuma. Alisema imembidi akusikie kwa mgeni ndipo akujue.

Nami nilikuwa nikiliwaza la kwangu. Nilipokuwa nikizungumza na yule mwanamke nilijiona hodari sana. Baadaye nikagundua kwamba kila nilichomweleza ni cha zamani. Nilimweleza habari za binti aliyekuwa akikaa meza ya tatu kutoka mlangoni pangu. Huyu wa sasa sijapata kumwona kazini. Sijui meza yako inatazama ukuta au dirisha. Sijui nani anakuletea chai, na kama unainywa ingali ya moto. Sijui wanakuitaje usipokuwepo, na mkubwa asiyejua anavyoitwa asipokuwepo hajui nusu ya habari, sembuse mjomba wake. Nimekudhamini kwa moyo mmoja, na sirudishi nyuma hata neno moja. Lakini nilipoiweka simu chini nilihisi nimemdhamini mtu ninayetamani kukutana naye.

Ijumaa yule mwanamke alipiga tena kuhakiki mwaka mmoja katika historia yako, na katika kuagana akanidokeza kwamba barua yao itakufikia wiki hii. Kwa hiyo hiki ninachokiandika huenda kikakukuta nayo mkononi.

Sasa nisikilize. Kabla hujawajibu, mpigie mama yako. Si kuomba ruhusa. Umri wa ruhusa ulikwisha kupita. Ni kumwambia kwa mdomo wako. Yale ya spika yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwiba huo hautolewi na mjomba. Usianze na mshahara wala na nyumba watakayokupa. Mweleze kazi yenyewe, mweleze utaamka vipi na utakutana na nani, maana sasa ana hamu ya kusikia. Akikwambia ana presha, muulize ni ngapi. Atacheka.

Usiniulize mimi ninataka ujibu nini. Nilikataa kukusemea kwao, na sitakusemea kwako. Nitakwambia tu habari za nyumba, kwa kuwa habari za nyumba ni haki yako: fundi amekuja kurekebisha kitasa cha chumba chako, kilichokuwa kikikwama tangu ulipoondoka, na mlango sasa unafunga vizuri. Usilitafutie jambo hili maana yoyote. Kitasa kibovu hurekebishwa.

Kaka yako seremala anakusalimu. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike, na ana paji lako la uso, lile la kudai risiti. Shangazi yako mkubwa anakusalimu na anauliza kama huko kuna jua. Fundi cherehani anakusalimu kwa heshima mpya kabisa. Mpe salamu zangu yule mwenzako mnayekaa naye nyumba moja, na umshukuru kwa kukupeleka hospitali ulipoumwa, jambo ambalo nimelijua kwake na si kwako.

Nilikuwa nimekwisha kufika hapa mama yako alipopita na kuuliza kama ni wewe ninayekuandikia. Nikamwambia ndiyo, na kwamba akiwa na neno aliseme nilitie. Alikwenda hadi dirishani, akasimama, akalitazama lile duka la vioo kana kwamba hajapata kuliona. Kisha akasema, "Mwambie akubali."

Nimeliandika kama lilivyo. Lakini taarifa inayoacha nusu si taarifa, nawe unalijua hilo kuliko mtu yeyote niliyemfundisha kazi. Kwa hiyo andika na hili upande wa pili: alilisema akiwa amenipa kisogo, na hadi ninapoandika mstari huu hajageuka. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Hawakumjua mama yako.

Mungu akuongoze katika jibu lako, akulinde njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Mimi nikupendaye, leo kama jana,
Mjomba wako.