Nimemfuta Eli

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa na hapa sina wa kumwuliza. Nafundisha shule ya Jumapili hapa Gitting, huu mwaka wa sita, na safari hii nikasema kwenye igizo la Krismasi watoto wakariri ukoo wa Bwana Yesu, kundi la Jenifa nikawapa Matayo na kundi la Mary nikawapa Luka, kumbe mimi mwenyewe sikuwahi kuzisoma zote mbili mpaka mwisho, nilijua ukoo ni ukoo tu, basi Jumamosi kwenye mazoezi Jenifa akasimama akasema Yakobo akamzaa Yusufu, Mary naye akasimama akasema Yusufu wa Eli, watoto wakacheka, Mary akanigeukia, "Mwalimu, sasa baba yake Yusufu ni nani?"

Nikafungua Biblia nikahesabu kwa kidole ndiyo nikazidi kupotea, huyu anapitia kwa Sulemani yule anapitia kwa Nathani, babu yake Yusufu huku ni Matani kule ni Mathati, na watoto wote wananiangalia, kwa aibu nikamwambia Mary aseme Yakobo, aachane na huyo Eli. Mtoto akalia, "Lakini mwalimu, imeandikwa Eli." Nikamwambia kaa chini.

Baba yangu, mzee Akonaay, ni mzee wa kanisa, na siku hiyo alikuwa pale nyuma anagonga misumari kwenye benchi bovu. Alisikia yote. Akaweka nyundo chini akaondoka, na mpaka leo nikimwamkia anasema marahaba basi, hata chai anakunywa peke yake. Nadhani ameona sina imani, na mama, labda kweli sina, maana nikisali najiuliza, kama hapa pamekosewa, ni wapi pengine? Nimeshaandika barua ya kuacha kufundisha, Jumapili nampa mchungaji. Niitoe au nisiitoe? Na jina langu hapo chini lisikuchanganye, Gidion ni kaka yake baba, alifariki hana mtoto, baba akamchukua mama aliyekuwa mjane wake, nilipozaliwa nikaandikishwa kwa marehemu, ni mambo ya nyumbani tu, hayahusiani.

Rogathe Gidion, Gitting

*

Rogathe, marahaba mwanangu. Pole sana, na ukae vizuri kwa sababu nitakugombeza.

Eti hayahusiani! Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimecheka peke yangu hapa mezani. Umehangaika na Matani na Mathati, na jibu moja umeliandika mwenyewe mstari wa mwisho kabla ya kusaini.

Soma Kumbukumbu la Torati sura ya ishirini na tano. Mtu akifa bila mtoto, ndugu yake anamchukua mjane, na mtoto wa kwanza anaitwa kwa jina la marehemu ili lisifutike. Wako Wakristo wa zamani sana waliosema ndivyo ilivyokuwa kwa Yakobo na Eli: walikuwa ndugu wa mama mmoja, baba tofauti, ndiyo maana hata mababu hawafanani. Eli akafa, Yakobo akamchukua mjane, akazaliwa Yusufu. Mmoja baba wa kumzaa, mwingine baba wa jina. Sikuapii kwamba ndivyo. Wengine wanasema Luka anafuata upande wa Mariamu, na wasomi wanabishana mpaka leo. Lakini kuchanganyikiwa si kukosa imani. Kosa lako ni kuona aibu kusema "sijui" mbele ya watoto. Mficha uchi hazai, Rogathe.

Sasa tuje kwa mzee. Akonaay angeweza kukuandika binti yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikupa jina la kaka yake, amelisikia likiitwa shuleni, kanisani, kila mahali, na yeye kanyamaza. Halafu siku moja ameinama na nyundo yake anakusikia wewe, wewe hasa, unamwambia mtoto aachane na jina la baba aliyeandikwa. Na bado unafikiri amekasirikia imani yako? Umemuumiza, mwanangu.

Leo hii, kabla ya Jumapili, mpelekee chai mwenyewe. Mwamkie, kaa chini, umwombe radhi, halafu muulize, "Baba, Gidion alikuwa mtu wa namna gani?" Ukishauliza, nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Ile barua ya kuacha kufundisha, washia jiko. Mwombe Mary msamaha mbele ya wenzake, maana mbele yao ndiko ulikomliza. Kwenye igizo Jenifa aseme Yakobo, Mary aseme Eli, na watu wakitaka kucheka wacheke. Mary akikuuliza tena baba yake Yusufu ni nani, mwambie huna hakika, lakini huenda alikuwa na wawili, kama wewe mwalimu wake. Kisha mwonyeshe yule mzee aliyekaa benchi la nyuma.