Tangazo Alilolisikia Shangazi

Baba,

Mwezi wa nne huu tangu tukuzike. Pale gereji Ras Al Khor meza yako ya kazi wamempa fundi mwingine, naye ameshaipaka rangi.

Tangazo la kifo nililiandika mwenyewe, nikifuata pasipoti neno kwa neno: Yusuf Hamisi Omari, mkazi wa Dubai, mzaliwa wa Lushoto. Lilisomwa redioni Tanzania jioni mbili. Hakuna ndugu aliyepiga simu, wala sikushangaa. Kila nilipokuuliza habari za ndugu zako ulicheka: "Khalas, yatosha, mwandishi. Nenda kahoji mawaziri, baba yako mwache."

Kisha nikafungua sanduku lako. Chini ya leseni zilizokwisha muda palikuwa na cheti chako cha ubatizo: Josef Brandt. Kwamba ulisilimu nilijua. Kwamba babu yako alikuwa Mjerumani mwenye shamba la kahawa, na kwamba ukoo wake unaitwa Baranti hadi leo, nimeambiwa na katibu wa usharika wa Lushoto. Mzee Hamisi, niliyemwita babu maisha yangu yote, alikuandikisha kama mwanawe ili karatasi zako za pasipoti zipite. Mjane wake amethibitisha. Hilo naweza kulielewa. Miaka arobaini ya kunyamaza siwezi.

Una dada, Baba. Marta Baranti, miaka themanini na moja. Katibu alinipa namba yake, nikampigia.

"Nililisikia tangazo, mwanangu," alisema. "Jina sikulijua, nikajua tu mtu wa kwetu kafia Arabuni. Nikasema Mungu ampumzishe, nikaendelea kuchambua mchele."

Halafu akaniuliza: "Aliwahi kunitaja?"

Katika kazi yangu sijawahi kumtungia mtu kauli. Wewe nilikutungia. Nilimwambia kwamba hospitalini, siku za mwisho, ulimwita Marta. Akalia, akanishukuru, akanishukuru tena. Ukweli ni kwamba hospitalini uliuliza kama giaboksi ya mteja imefika.

Mwezi ujao nakwenda Lushoto kumwona. Atauliza tena, na safari hii atakuwa ananitazama usoni. Nakuahidi, Baba: sitasema uongo kwa niaba yako mara ya pili.

Kwaheri. Pumzika, ukiweza.

Zuhura