Gauni Lina Mikono Miwili ya Kushoto

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa. Mimi ni fundi cherehani, na kabla hujaendelea kusoma ujue kwamba macho yangu hayana ugonjwa wowote, ujanani nilikuwa natunga uzi kwenye sindano huku naendesha baiskeli, tena kwenye mteremko, na siku moja nilimwona mbu ametua juu ya mnara wa simu nikawaambia wenzangu yule ni jike, hakuna aliyenibishia. Ndiyo maana watu wa miwani siwaelewi. Sinema zote nilizoona, steringi havai miwani, anayevaa ni yule karani anayepigwa kofi mwanzo wa picha, miwani ikaruka, mwenyewe akabaki kupapasa chini kama kuku anayetafuta punje. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anavaa, nami tangu siku alipokuja kuposa namwita Chupa, mbele za watu, na hata wanawe wamezoea.

Sasa binti yake anaolewa, na mwenyewe akasema gauni lake halitashonwa na mtu mwingine ila mjomba wake. Nikashona. Tatizo ni kwamba viwanda vya siku hizi vinatoboa sindano vitundu vidogo kwa ubahili, na ile lesi maua yake yamepambwa upande mmoja tu, na taa nazo siku hizi hazina nguvu, basi katika kukata ikatokea mikono yote miwili ikawa ya kushoto. Alipokuja kujaribu akasimama mbele ya kioo, mkono wa kulia umejipinda kama amekamatwa na askari.

"Mjomba, nikiinua mkono nakabwa."

Nikamwambia, "Huo ndio mtindo mpya. Bibi harusi hatakiwi kuinua mikono ovyo."

"Na nikitaka kumlisha bwana keki?"

"Kwani bwana hana mikono?"

Hakucheka. Chozi lilimtoka, akasema taratibu, na ule upole ukaniuma kuliko tusi, "Mjomba, kama huoni si useme." Amenipa mpaka keshokutwa, la sivyo gauni anampelekea fundi wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye miwani minene ambaye mimi humwita Darubini, na nikishindwa na Darubini uso wangu nitauficha wapi? Mke wangu naye amenunua miwani kimyakimya akaiweka juu ya cherehani, nimeifunika na kofia. Nitajie dawa ya kuoshea macho, au nile karoti kiasi gani. Na kitambaa kimeisha, kipande kilichobaki nimefunikia televisheni, na kimeipendeza kweli.

Fundi Jicho la Mwewe

*

Fundi,

Pole, lakini hiyo ni ya bibi harusi, yako isubiri kwanza. Mbu wa juu ya mnara ulimwona na jinsia yake, mkono wa kulia wa mpwa wako hukuuona! Umemwita baba wa watu Chupa miaka yote hiyo, na Chupa huyo akakuachia gauni la binti yake bila neno. Kati yenu wawili, kipofu nani?

Steringi havai miwani kwa sababu hashoni. Karoti kula, ni tamu, ila haijawahi kutunga uzi. Macho ya mtu wa umri wako huchoka kwa vitu vya karibu, na hilo si aibu. Aibu ni kumfunga mtoto wa dada yako mkono siku ya harusi yake, halafu ukauita mtindo. Nyani haoni kundule, tunajua, lakini wewe hata la mwenzako hulioni.

Sikiliza sasa. Ondoa hiyo kofia, vaa miwani aliyokununulia mkeo, na umshukuru kwa sauti. Harusi ikipita kapimwe macho upate inayokufaa. Fumua mkono wa kulia. Ivue televisheni nguo yake, piga pasi kile kipande, ukate upya huku ukitazama maua yameelekea wapi. Kikipungua, vuka barabara ukamwombe yule kijana akusaidie kuunga, na umwite fundi, hayo majina yako yaache mlangoni. Kisha mwambie mpwa wako, bila mbu wala baiskeli, "Mwanangu, nilikuwa sioni."

Siku ya harusi ingia ukumbini na miwani yako usoni, ukakae karibu na shemeji yako. Atakuita Chupa.

Itika.